Ndege wa Tshangalele: kile wakaaji wa Lufira wanaweza kuuliza watu wa Pemba

Mtu wa Likasi akisikia neno kisiwa, mawazo yake inakimbilia Zanzibar: mchanga mweupe, maji ya bluu, na dola nyingi za safari. Lakini kuna wageni wenye kupanda mashua kwenda visiwani bila kujali mchanga. Wanatafuta kiumbe chenye hakipatikani kwingine duniani. Na kiumbe kimoja cha namna hiyo kiko hapa kwetu, juu tu ya Koni.

Koni inajulikana kwa umeme. Baraji yake ilijengwa juu ya mto Lufira kisha vita ya pili ya dunia, na maji yenye kuzungusha mashini zake ni ile yenye imekwisha kupita Mwadingusha, kilomita chache juu. Mwadingusha ndiyo ilitangulia. Ilianza kazi mwaka wa 1930 pale kwenye maporomoko ya Cornet, ikafunga mto, maji ikasambaa kwenye mbuga na kufanya ziwa la Tshangalele, ambalo wengine wanaita ziwa la Lufira. Maji ikijaa, ziwa hilo linafika karibu kilomita mraba 400, lakini mahali pengi kina chake ni metre chache tu. Ndiyo sababu matete inaota ndani na kusimama kama visiwa, na ndege wa maji wanakuja kwa wingi.

Mwaka wa 1960 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Ruwet, alikamata hapo ndege mdogo wa manjano, mwenye uso mweusi na kifua cha rangi ya kahawia, wa ukoo wa wale wenye kufuma viota vya kuninginia. Hakuna mtu aliyeshituka. Miaka 22 ilipita. Katika 1982 wataalamu wawili, Louette na Benson, waliandika kwamba ndege huyo ni wa aina ya peke yake, wakamuita Ploceus ruweti kwa heshima ya yule aliyemkamata. Kwa miaka mingine mingi dunia ilikuwa na ushuhuda wa ndege mmoja tu, amekauka ndani ya sanduku la makumbusho. Wengine walianza kuuliza kama kweli yuko. Halafu mwezi wa pili 2009 akaonekana tena, mzima, kule kule ziwani. Baadaye akapatikana pia mahali pengine, lakini hajatoka nje ya Katanga ya zamani.

Wavuvi, bila shaka, walikuwa wakimuona kila mwaka. Hakuna aliyewauliza.

Sasa Pemba. Kisiwa hicho kiko kaskazini ya Unguja, na kina popo mkubwa mwenye kula matunda, asiyepatikana popote isipokuwa hapo. Watu walikuwa wanamwinda kwa nyama, na misitu ilikatwa. Kufika mwanzo wa miaka ya 1990 popo walibaki elfu chache tu, na wataalamu wakamuweka kati ya wanyama wenye kuwa karibu kabisa kuisha. Kazi iliyofuata ilifanyika vijijini: wakaaji waliunda vikundi vya kulinda miti yenye popo wanalala, wakakubaliana kuacha kuwinda. Pale Kidike, karibu na Chake Chake, mgeni analipa kiingilio, anaongozwa na kijana wa kijiji, anaangalia popo wakining'inia mchana, na feza inasaidia kijiji. Leo popo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mgeni huyo huyo anaendelea hadi msitu wa Ngezi kutafuta ndege wane wa Pemba peke yake, kati yao bundi mdogo na njiwa wa kijani.

Pemba haikujenga hoteli kubwa kwanza. Ilianza na makubaliano kati ya majirani, na mtu wa kumuonyesha mgeni mti.

Tshangalele haiko mikono mitupu. Tangu 1982 bonde la Lufira limo kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe na watu. Lakini karatasi haizuie sumu. Maji machafu ya viwanda vya Likasi yanashuka kwa mito kama Panda hadi ziwani, na wachunguzi wa Chuo kikuu cha Lubumbashi walikuta metali ndani ya samaki. Hilo linagusa sahani ya mkaaji wa Kapolowe kabla halijagusa ndege. Tena, wenye baraji wanafungua na kufunga maji kufuatana na mahitaji ya umeme, na ndege anayefuma kiota kwenye vichaka vya pembeni ya maji anategemea maji yasipande wala kushuka kwa ghafla. Pemba, adui alikuwa mwindaji wa kijiji, mtu wa kuongea naye chini ya mti. Hapa sehemu kubwa ya mazungumzo ni pamoja na makampuni.

Kwa mwenye kutaka kumuona, majira mazuri ni ya mvua, kama ule mwezi wa pili wa 2009. Wakati huo madume wanavaa manjano na kufuma viota. Kinachohitajika ni mtumbwi, asubuhi na mapema, na mvuvi anayejua vichaka viko wapi. Mvuvi huyo alipwe.