Mzazi Aliyepata Kufungwa na Malezi ya Mtoto Wake

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa, na katibu wenu ana kalamu na daftari. Leo tutazungumza juu ya jambo linaloumiza nyumba nyingi. Mzazi aliyepata kutiwa hatiani mahakamani, je, aweza kupewa mtoto wake amlee?

Tuanze kwa mfano. Tuseme yuko mama mmoja, mama yake Tatu. Alikamatwa kwa kupika gongo, akafungwa miezi sita. Tatu, mtoto wa miaka mitano, akachukuliwa na baba yake, ambaye walikuwa wamekwisha achana, akapelekwa kwa bibi mzaa baba. Mama alipotoka gerezani alikwenda kumtaka mwanawe. Akajibiwa mlangoni: "Mfungwa hana mtoto." Akarudi analia, wala hakwenda mbele zaidi, maana alisadiki kwamba ndivyo sheria isemavyo.

Wasikilizaji, sheria haisemi hivyo. Hapa Tanzania Bara mashauri ya namna hii huongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. (Zanzibar wana sheria yao ya watoto, ya mwaka 2011.) Sheria zetu hizo mbili zinaweka jambo moja mbele ya mengine yote, nalo ni ustawi wa mtoto. Matakwa ya baba na mama yatasikilizwa, na mila za jamii zitatazamwa, lakini yote hayo huja nyuma ya ustawi wa mtoto. Wala shauri hili si la kumwadhibu mzazi mara ya pili. Adhabu ya gongo ilikwisha gerezani.

Je, basi hatia ya zamani haina maana? La, ina maana. Lakini hakimu huiuliza swali: kosa hili lamgusaje mtoto?

Mtu aliyefungwa kwa kumjeruhi mtoto au kumnajisi, au aliyezoea kumpiga mkewe mbele ya watoto, kosa lake limeingia ndani ya nyumba yenyewe. Mahakama yaweza kumnyima malezi, na hata kumwekea masharti ya kumwona mtoto. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kutamka kwamba mzazi fulani hafai kukaa na mtoto. Lakini mtu aliyeiba mbuzi miaka kumi iliyopita, na tangu hapo analima shamba lake kwa amani, hatia yake haisemi mengi juu ya ulezi wake wa leo.

Tumrudie mama yake Tatu. Kama ameacha gongo na sasa anauza maandazi, hatia yake haina uzito mkubwa. Kama bado anapika, na kila usiku nyumba imejaa walevi, hapo hakimu atakuwa na wasiwasi. Naye ataihofia nyumba hiyo hata kama mama huyo hakupata kufungwa kamwe.

Yako na mambo mengine. Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba yafaa akae na mama yake, ila mtu aweza kuthibitisha kwamba kwa mtoto huyu haifai. Tena sheria haipendi mtoto ahamishwe-hamishwe. Kama Tatu amekaa kwa bibi muda mrefu, ameanza shule na anatunzwa vizuri, hilo nalo litapimwa. Kwa hiyo mama aliyetoka gerezani asikawie. Kila mwezi anaokaa kimya, mtoto anazidi kuzoea nyumba nyingine.

Afanye nini, basi? Kwanza, asimnyakue mtoto kwa nguvu. Aende kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yake aeleze habari zake. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, ambao huwasaidia wasio na uwezo. Kisha aweza kupeleka maombi mahakamani. Mahakama yaweza kumwagiza Ofisa Ustawi wa Jamii achunguze hali ya pande zote mbili na kuleta taarifa.

Pili, asifiche kifungo chake. Upande wa pili wakijua watakisema, na aliyeonekana kuficha jambo moja hataaminiwa katika mengine. Afadhali aseme mwenyewe, "Nilikosa, nikafungwa, na tangu hapo nimeishi hivi." Kisha alete mashahidi wanaomjua: jirani, mwalimu, mwenyekiti wa mtaa, au mtu anayefanya naye kazi.

Tatu, asikate tamaa akishindwa. Asiyepewa malezi aweza kuomba haki ya kumtembelea mtoto. Tena amri ya malezi si ya milele. Hali ikibadilika sana, mahakama yaweza kuibadili.

Na ninyi mababu, mabibi na mashangazi mliobaki na watoto wakati mzazi yuko kifungoni, twawashukuru. Mmebeba mzigo mzito. Ninyi pia mwaweza kuomba malezi mahakamani, mkiona mtoto atapata madhara akirudishwa. Lakini neno lile la mlangoni msiliseme. Mtoto akilisikia hujifunza kwamba mama yake si mtu.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Hatia ya wizi na hatia ya kumpiga mtoto zatofautianaje mbele ya hakimu wa malezi? Kwa nini?

2. Katika kijiji au mtaa wenu, mzazi aliyetoka gerezani hupokewaje na watoto wake? Na majirani je?

3. Kama ungekuwa hakimu, ungetaka kujua mambo gani kabla ya kuamua Tatu akae wapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.