Filamu Ikipendwa Sana, Ndivyo Inavyochelewa

Agosti mwaka huu nilikuwa BTP kwenye sekondari moja ya kata, nafundisha Jiografia. Siku moja nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, nikageuza daftari moja kwa nyuma nikakutana na Tanjiro. Kachorwa kwa kalamu ya bluu, upanga mkononi, hereni masikioni, hadi lile kovu la kwenye paji la uso lipo. Nikamwita mwenye daftari. Akaja kainamisha kichwa, anajua kimeshaumana.

"Umechora wewe?"

"Ndiyo, mwalimu. Naomba msamaha."

"Umechora vizuri. Hizi anime unaangalia wapi?"

Akapumua. Akaniambia kaka yake ana simu kubwa, huwa wanaangalia wote usiku. Halafu, baada ya kuona sina fimbo, akanigeuzia swali: "Mwalimu, ile mpya ya Ngome ushaiona?" Nikamjibu bado, nasubiri ije mtandaoni. Akasema, "Sasa mbona hawaileti? Au sisi hawatuhesabu?"

Nikambabaisha na jibu la kiutu uzima, eti "italetwa tu, wewe soma kwanza." Kiukweli sikuwa na jibu. Na najua hapa chuoni wengi tuko kwenye kundi hilohilo: kila bando likinunuliwa, kitu cha kwanza ni kuangalia kama imefika. Naandika haya Oktoba 2025, na bado haijafika. Kwa hiyo nimekaa, nimefuatilia, na hili ndilo jibu nililotakiwa kumpa yule dogo.

Ngazi, siyo foleni

Tuanze na filamu yenyewe. Demon Slayer: Infinity Castle, ambayo wengi tunaiita Ngome, ilianza kuonyeshwa Japani Julai 18, 2025. Ni ya kwanza kati ya filamu tatu zitakazofunga hadithi, na ina urefu wa dakika 155. Marekani iliingia Septemba 12, na wikiendi ya kwanza tu ikakusanya zaidi ya dola milioni 70. Japani kwenyewe bado iko kumbini hadi sasa.

Sisi tunaosubiri huwa tunadhani filamu iko kwenye foleni, kwamba kuna mtu mahali fulani anachelewa kubonyeza kitufe. Ukweli ni kwamba filamu inashuka ngazi. Ngazi ya kwanza ni ukumbi wa sinema. Ya pili ni kuinunua au kuikodi, kwa diski au kwa kuipakua. Ya tatu ni yale majukwaa ya mtandaoni ambayo unalipia mwezi na kuangalia unachotaka. Chini kabisa kuna televisheni ya kawaida, ambayo mtazamaji halipii kitu. Kila ngazi bei inashuka na watu wanaongezeka. Mwenye filamu anataka kila anayeweza kulipa bei ya juu awe ameshalipa kabla hajafungua mlango wa chini.

Mfano mzuri ni ndugu yake Ngome, Mugen Train. Ile ilitoka Japani Oktoba 16, 2020. Diski zake zikaingia madukani huko Juni 16, 2021, yaani miezi minane kamili baadaye. Televisheni ya Japani ikaionyesha Septemba 25, 2021, na Oktoba mwaka huohuo ikarudi tena kama mfululizo wa vipande saba. Ukiangalia tarehe hizo unaona kabisa kwamba hakuna aliyesahau. Kuna mtu alikaa na kalenda.

Kwa nini ngazi ya kwanza ni ndefu hivi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukumbi wa sinema unalipa kwa kichwa. Kila anayekata tiketi, hela inagawanywa, karibu nusu inabaki kwa mwenye ukumbi na nyingine inakwenda kwa wenye filamu. Wakija watu milioni moja, wanalipwa kwa watu milioni moja. Mtu akirudi mara ya tatu, wanalipwa mara ya tatu.

Jukwaa la mtandaoni kwa kawaida halifanyi hivyo. Linanunua haki ya kuonyesha kwa muda fulani, kwa nchi fulani, kwa bei mliyoelewana mezani. Mkishasaini, uangalie mara moja au mara ishirini, bei ni ileile. Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye filamu. Ukumbi bado unajaa. Ungeuza haki zako leo?

Ndiyo maana filamu isiyopendwa huwahi kufika kwenye simu zetu. Kumbi zinakuwa tupu baada ya wiki mbili, wenyewe wanaikimbizia mtandaoni waokoe walau kitu. Ile inayopendwa ndiyo inayokawia. Mimi na wewe tunaopiga kelele kwamba filamu ni kali, kelele zetu ni sehemu ya sababu ya kuchelewa kwake.

Na Wajapani wana utaratibu wao wa kuurefusha huu msimu wa ukumbini. Wana zawadi. Mugen Train ilipoanza, watazamaji wa mwanzo walipewa kijitabu maalumu cha katuni, na vilichapwa milioni 4.5. Baadaye zikafuata zawadi nyingine, kwa awamu, ili aliyekwisha kuiona awe na sababu ya kurudi. Siyo ajabu ilifikisha yen bilioni 10 ndani ya siku kumi. Kabla ya mwaka kuisha ikaipiku Spirited Away ya mwaka 2001, na mwezi Mei 2021 ikavuka yen bilioni 40. Ilisaidiwa pia na korona, kwa sababu filamu kubwa za Marekani zilikuwa zimeahirishwa na kumbi za Japani zilikuwa na nafasi. Lakini nafasi bila watu haikai miezi.

Nani anaamua?

Anime nyingi haimilikiwi na mtu mmoja. Makampuni kadhaa hukaa pamoja na kuunda kamati ya utayarishaji. Ni kama kikoba: kila mmoja anatoa mtaji, na faida ikija kila mmoja anachukua kulingana na alichoweka. Mchapishaji wa kitabu yumo, mwenye muziki yumo, mara nyingine televisheni imo, mtengeneza midoli yumo. Studio inayochora, kwenye kamati nyingi, wala haimo. Inalipwa ujira wa kazi na kuondoka, hata filamu ikija kuingiza mabilioni.

Kwa Mugen Train kamati ilikuwa ndogo: Aniplex, Shueisha, na studio yenyewe, ufotable. Yaani waliochora walikuwa na fungu lao kwenye tiketi. Hili lilinigusa kidogo, maana nilikuwa nimezoea kuona "wenye filamu" kama mabepari fulani wa mbali. Kumbe ile miezi minane ilikuwa pia miezi ya mtu aliyekesha anachora moto wa Rengoku.

Uamuzi wa kikoba lazima ukubalike kwa wote. Halafu kuna mipaka. Haki zinauzwa nchi kwa nchi au kanda kwa kanda, na kila kanda ina tarehe yake. The Boy and the Heron ya Hayao Miyazaki ilitoka Japani Julai 14, 2023. Wamarekani waliipata kwenye jukwaa la Max Septemba 6, 2024. Sehemu kubwa ya dunia iliyobaki ikaipata Netflix Oktoba 7. Ni filamu ileile, milango miwili, na mwezi mzima katikati.

Basi tusubiri muda gani?

Tarehe ya Ngome siijui, na anayekutumia picha yenye tarehe kwenye grupu la WhatsApp bila tangazo la wenyewe, naye hajui. Lakini waliotangulia wanatupa kipimo. Jujutsu Kaisen 0 ilitoka Japani Desemba 24, 2021, ikafika Crunchyroll Septemba 21, 2022. Hiyo ni miezi tisa. Suzume ilitoka Novemba 11, 2022, ikafika Novemba 16, 2023. Mwaka na siku tano. The Boy and the Heron, karibu miezi kumi na tano. Na kama unaona huo ni mwingi, Spirited Away ilisubiri karibu miaka 19, kwa sababu Studio Ghibli iligoma kwa muda mrefu kuziweka kazi zake mtandaoni. Zilifunguliwa kwa sehemu kubwa ya dunia, Afrika ikiwemo, mwaka 2020.

Kwa hiyo angalia dalili. Ikitangazwa tarehe ya diski Japani, ujue ngazi ya kwanza inaisha. Angalia pia nani aliisambaza kwenye kumbi za nje. Ngome imesambazwa na Crunchyroll pamoja na Sony, na Crunchyroll ni mali ya Sony tangu Agosti 2021, kwa hiyo kuna mlango mmoja unaoonekana kuwa wa kwanza kuchungulia. Usilipie mwezi wa jukwaa lolote kwa kusikia tu. Bumu halitoki kila wiki.

Ile kopi ya ukumbini

Sasa tuambizane ukweli. Yule dogo alikuwa ameshaiona. Kaka yake alipata kopi iliyorekodiwa kwa simu ndani ya ukumbi, na alipotaka kunisimulia mwisho nikamzuia kwa mikono miwili. Asinimwagie mtama.

Na mimi siyo malaika. Miaka miwili iliyopita, filamu nyingine, niliikopi kwenye flashi ya jirani hosteli. Picha imeinama, sauti kama inatoka kwenye pipa, na pale kwenye pambano kubwa mtu akasimama mbele kwenda chooni, kichwa chake kikakaa katikati ya mapanga. Nikajua kila kilichotokea na sikuhisi chochote. Nzuri ilipokuja kufika mtandaoni, uhondo ulikuwa umeshakufa. Kitu nilichokuwa nimesubiri mwaka mzima nilijiibia mwenyewe. Japani kurekodi filamu ukumbini ni kosa kwa sheria maalumu ya mwaka 2007, na kabla ya filamu kuanza huonyeshwa tangazo la jamaa mwenye kamera badala ya kichwa, anacheza dansi huku anakimbizwa. Nililiona nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Hata hivyo, kuna sehemu ya swali la dogo ambayo haijibiwi na ngazi. Ngazi ina mantiki kwa mtu aliye na ukumbi karibu: ukitaka mapema, lipa zaidi, ukitaka rahisi, subiri. Ni chaguo. Mji niliofundishia hauna ukumbi wa sinema hata mmoja. Una kibanda umiza chenye mabenchi, kinaonyesha mpira na filamu zilizotafsiriwa. Dogo hakuchagua kusubiri. Anasubiri watu wa miji mingine wamalize kukata tiketi ambazo yeye hakuwahi kuuziwa. Na ikifika mtandaoni, itadai bando, kadi ya benki na Kiingereza cha kusoma maandishi ya chini mbiombio. Kwake yeye ngazi ya kwanza haipo, na ya tatu iko juu.

Simaanishi kwamba hapo wizi unageuka haki. Namaanisha kwamba ukimwita mwizi, umalizie sentensi.

Sisi wa hapa chuoni tuna njia. Chumbani kwetu tuko wanne. Tumekubaliana ikifika tunachangishana mwezi mmoja, tunaazima projekta, tunatundika shuka ukutani, na anayejua mwisho anakaa kimya. Kama nitakuwa nimepangiwa tena shule ileile, laptopu naenda nayo. Klabu ya kuchora wanayo tayari, wanakosa mlezi tu.

Na nikikutana naye nitamjibu hivi: hawajakusahau, dogo. Ili wakusahau ingebidi kwanza wakujue. Filamu inapendwa, kumbi zinajaa, na wewe hujawekwa kwenye kalenda yao. Endelea kuchora. Ila siku nyingine usichorie kwenye daftari la Jiografia.