Evaristo Muyinda na wimbo usio wa mtu mmoja

Katika sherehe nyingi za kwanjula, yaani za kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa bibi harusi, hapa Bwaise, Kampala, wageni wa upande wa bwana harusi wakishaketi chini ya mahema, kikundi cha ngoma huanza kazi pembeni na marimba yake. Ni amadinda: vibao 12 vya mti wa lusambya, vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, vikitenganishwa na vijiti vilivyochomekwa humohumo mgombani. Wachezaji watatu wameinamia chombo kimoja. Ukimwuliza mgeni nani kati yao anapiga wimbo, atamnyooshea kidole mmoja wao, na atakuwa amekosea, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeupiga. Nimepata kuwasikiliza watu wakieleza muziki huu kwa sifa za jumla tu, na nadhani unastahili zaidi ya hapo, hasa kwa heshima ya Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, aliyewafundisha wengine siri yake.

Mchezaji wa kwanza huitwa omunazi. Yeye huanza, akipiga mfululizo wa sauti zilizoachana kwa nafasi sawa, mikono yote miwili ikipiga sauti ileile, mmoja chini, mwingine juu. Wa pili, omwawuzi, ameketi upande wa pili wakitazamana, na kila pigo lake huangukia katikati kabisa ya mapigo mawili ya mwenzake, kama meno ya zipu. Kila mmoja, ukimsikiliza peke yake, anapiga kitu chepesi. Wakiungana, mapigo huweza kuvuka 500 kwa dakika, na hapo ndipo sikio linapozidiwa. Haliwezi tena kumfuata huyu au yule. Linaanza kukusanya sauti za chini na kuzifanya mstari wake, na za juu mstari wake. Mistari hiyo haimo mikononi mwa yeyote. Msikilizaji anayejua Kiganda husikia humo hata maneno, maana lugha yenyewe hupanda na kushuka, na wimbo hufuata mwendo huo.

Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu, vile vifupi vya mwisho. Kazi yake ni kusikiliza kila mahali ambapo sauti mbili za chini kabisa zinatokea, iwe kwa mkono wa huyu au wa yule, kisha kuzirudia juu. Kwa maoni yangu yeye ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Wenzake wanaweza kuishika sehemu yao kwa mazoea ya mikono. Yeye lazima ausikie wimbo mzima.

Hebu tumlinganishe Muyinda na mpigaji wa jazi. Vibrafoni ni jamaa ya amadinda: vibao vilivyopangwa kwa urefu na kupigwa kwa vijiti. Iliundwa Marekani katika miaka ya 1920. Vibao vyake ni vya alumini, chini yake kuna mirija, na ndani ya mirija kuna visahani vinavyozungushwa na mota ili sauti itetemeke. Kanyagio huikata au kuiacha idumu. Kanuni ya kuipatia sauti ni ileile anayoifuata seremala wa Buganda. Ukichonga katikati ya kibao kwa chini, sauti inashuka. Ukipunguza ncha, inapanda. Mwaka 1930, katika studio, Louis Armstrong akiwa na mpiga ngoma kijana aitwaye Lionel Hampton, chombo hicho kiliingia katika jazi kwa rekodi ya „Memories of You”. Kuanzia 1936 Hampton alipiga katika kundi la watu wanne la Benny Goodman, Weusi wawili na Weupe wawili jukwaani pamoja, jambo zito kwa Marekani ya wakati ule. Hadi kifo chake mwaka 2002, sifa yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mbele, vijiti mkononi, akitunga papo hapo.

Maisha ya Muyinda hayasimuliki hivyo. Alikuwa bingwa, naye alipiga vyombo vingi, lakini ubingwa wa amadinda hauonekani mpaka uwe na mtu wa kuketi mbele yako. Ndiyo maana naiona kazi yake kubwa kuwa ni kuwatengeneza wenzake.

Katika Lubiri, kasri ya Mengo, kila kundi la wanamuziki lilikuwa na wajibu wake. Marimba kubwa zaidi, akadinda, ilikuwa na vibao 22 na wapigaji sita, baadaye pia ya vibao 17 na wapigaji watano. Wapigaji wake walitoka kijiji cha Nabbale huko Kyaggwe. Sauti hizo zilikuwa za Kabaka. Muyinda aliyajua mambo ya ndani, kisha akaanza kuyapeleka nje. Katika Jumba la Makumbusho la Uganda, ambalo tangu 1954 liko Kitante, msimamizi wake Klaus Wachsmann, mtafiti wa muziki aliyezaliwa Ujerumani, alitaka vyombo visikae kimya kwenye makabati. Muyinda akawa mtu wa kuvipiga mbele ya wageni. Humo pia aliunganisha vyombo ambavyo katika kasri vilikuwa na makundi yake tofauti, filimbi, zeze, kinubi, marimba na ngoma, vikawa bendi moja. Vikundi vingi tunavyovikodi leo kwa kwanjula vinafuata mpangilio wa namna hiyo.

Mwishoni mwa 1959 akaja kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik. Muyinda hakumpa mhadhara. Alimketisha upande wa pili wa marimba akampa sehemu ya kupiga. Kwa kupiga, Kubik aligundua kwamba alichokisikia hakikuwa kile ambacho mikono yao ilikuwa ikikifanya, na mwaka 1960 akachapisha uchambuzi ambao wataalamu wa muziki duniani wanaurejea mpaka sasa. Mwalimu wa ugunduzi ule alikuwa Muyinda, na jina lake linapaswa kutangulia.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Rais Milton Obote lilivamia Lubiri. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, vyombo vya kasri vikaangamia, wanamuziki wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Sanaa inayohitaji watu watatu wanaojuana kwa mapigo ingeweza kufia hapo. Haikufa, kwa sehemu kubwa kwa sababu nje ya ukuta ule palikuwa tayari na watu waliokwisha kuketishwa mbele ya marimba na kufundishwa. Muyinda alifariki mwaka 1993, mwaka uleule Ronald Mutebi alipotawazwa kuwa Kabaka na ufalme kurudi.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa mafundi na viongozi wa vikundi wa Bwaise walitazame. Amadinda ya kasri hugawa umbali kati ya sauti na ile inayofanana nayo juu yake katika hatua tano zinazokaribia kulingana. Piano haina hatua hizo. Usawa huo una kazi: unaruhusu miko, yaani kuuanzisha wimbo uleule kutoka kibao kingine, ukapanda au kushuka wote, na bado ukatambulika. Siku hizi marimba nyingi huchongwa kufuata kinanda ili ziendane na gitaa na spika za sherehe. Hapo hatua moja huwa pana, nyingine nyembamba, na wimbo ukihamishwa kibao unageuka kuwa wimbo mwingine. Kwa hiyo unapoagiza seti mpya, mwambie fundi aweke kinanda kando, achukue amadinda ya zamani au rekodi ya Muyinda, na achonge kwa kusikiliza. Kisha kabla hujalipa, waombe wapigaji waupige wimbo mmoja kutoka vibao vitatu tofauti.