Kupona au Kutulia: Istilahi na Uchunguzi wa Utumbo kwa Ultrasaundi baada ya Upasuaji

Makala haya yanafafanua jinsi uteuzi wa maneno unavyogusa ufuatiliaji wa ugonjwa wa Crohn baada ya upasuaji. Ugonjwa huo, ulioelezwa na Burrill Crohn na wenzake mjini New York mwaka 1932, hushambulia hasa mwisho wa utumbo mwembamba. Upasuaji huondoa sehemu iliyoharibika, lakini haukomeshi ugonjwa. Mara nyingi vidonda hurejea karibu na mahali utumbo ulipounganishwa, aghalabu kabla mgonjwa hajahisi maumivu.

Hapa ndipo neno kupona linapopotosha. Mkazi wa Makambako aliyeambiwa kuwa amepona haoni sababu ya kusafiri yapata kilomita 60 hadi Njombe ili apimwe. Akielezwa kuwa ugonjwa umetulia, safari hiyo hupata maana.

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, bila mionzi. Mpimaji huangalia unene wa ukuta wa utumbo na wingi wa damu ipitayo humo. Unene unaozidi milimita 3 hutia shaka. Hata hivyo, kifua kikuu cha utumbo huweza kuonekana vivyo hivyo, na uthibitisho huhitaji kamera ya utumbo na vipimo vingine.

Neno uvimbe nalo lina utata, kwani wengi hulielewa kuwa saratani. Kwa hiyo, 'ukuta wa utumbo umenenepa' ni kauli iliyo wazi zaidi: hutaja kilichoonekana, bila kutisha wala kuliwaza pasipo msingi.