Kipeperushi

Kipeperushi (wingi: vipeperushi, kutoka kitenzi kupeperusha) ni karatasi iliyochapwa tangazo fupi ili igawiwe watu mkononi au iachwe dukani. Ikikunjwa mara mbili na kupata kurasa sita huitwa pia brosha. Humfaa mfanyabiashara mdogo asiyemudu tangazo la redio.

Gharama hutegemea karatasi na mashine. Karatasi ya A4 (milimita 210 × 297) hukatwa vipeperushi vinne vya A6, hivyo rimu moja ya karatasi 500 hutoa 2000. Fotokopi hufaa nakala chache, kwa kuwa ya kwanza na ya mia zina bei ileile. Mashine ya Riso, iliyobuniwa Japani, hutengeneza kwanza stensili. Gharama yake hugawanyika kwa nakala zote, na zikiwa nyingi kila moja huwa rahisi. Wino mweusi juu ya karatasi ya njano huvutia macho bila kulipia uchapaji wa rangi.

Katika kata kama Kidete, wilayani Kilosa, kwenye Reli ya Kati, fundi cherehani au mwenye mashine ya kusaga hana haja ya maelfu. Kinachomponza zaidi ni kutosahihisha: tarakimu moja ya simu ikikosewa, rimu nzima ni ya kufungia maandazi, na aliyekubali nakala ya mfano ndiye anayelipa. Bei inayopanda na kushuka, kama ya mahindi, huachiwa nafasi ijazwe kwa kalamu.