Kugeuza Digrii za Joto

Shikeni daftari na kalamu, maana leo tuna hesabu.

Ndugu yako aliyeko Marekani anakupigia simu: mtoto ana homa, kipimajoto kimeonyesha 104. Unashtuka, kwani maji yenyewe huchemka kwenye 100! Lakini Wamarekani hupima kwa digrii za Fahrenheit, na sisi siku hizi hupima kwa digrii za Celsius. Basi homa hiyo ni kali kiasi gani?

Bwana Fahrenheit alitangaza kipimo chake mwaka 1724. Hapo maji huganda kuwa barafu kwenye 32, nayo huchemka kwenye 212. Kati ya hapo na hapo mna hatua 180. Mwaka 1742 Bwana Celsius, mtu wa Sweden, aliigawa nafasi hiyo hiyo kwa hatua 100. (Yeye aliweka 0 penye kuchemka na 100 penye barafu, wengine ndio waliopindua baadaye.) Hatua 180 kwa 100 ni sawa na 9 kwa 5. Hiyo ndiyo siri yote.

Haya, andikeni 104. Toa 32, zinabaki 72. Gawanya kwa 9, unapata 8. Zidisha kwa 5, unapata 40. Mtu mwenye afya ana 37 hivi. Kwa hiyo mtoto huyo ana homa kali, na apelekwe kwa daktari upesi.

Wengi husahau kutoa 32. Jibu lao huwa karibu 58, na hakuna mgonjwa aliye hai mwenye joto hilo! Litazame jibu lako kabla ya kuliamini.

Ila ukipima tofauti tu, 32 haitolewi. Joto likipanda kutoka 77 asubuhi hadi 86 mchana, limepanda digrii 9 za Fahrenheit, yaani 5 za Celsius.

Vitabu vya kale vya Ulaya vina kipimo kingine, cha Mfaransa Réaumur: barafu 0, kuchemka 80. Hapo gawanya kwa 4, kisha zidisha kwa 5. Digrii zake 28 ni 35 zetu.

Kazi yenu ya jioni: kipimajoto cha Fahrenheit kimeonyesha 95 kwapani mwa mtoto mchanga. Je, ana homa, au amepoa kupita kiasi? Mwalimu wenu atasahihisha. Kwaherini.