Tusome Noti (3): Flati ya Mwisho ni Fa

Wiki iliyopita tulimalizana na shapu. Leo ni zamu ya flati, ile alama inayofanana na b ndogo na kushusha sauti nusu toni.

Walimu wengi wa kwaya, Litein hadi Sotik, wamelelewa kwa solfa. Karatasi huwaambia juu kabisa: do ni E flati. Mpiga kinanda anatoa sauti, kazi inaanza. Wakipewa wimbo huohuo kwenye mistari mitano, wanakuta flati tatu zimejipanga mwanzoni na do haijatajwa popote. Kumbe imetajwa.

Flati hupangwa kwa utaratibu mmoja daima: B, E, A, D, G, C, F. Huwezi kukuta ya A mwanzoni bila ya B na E kuitangulia. Chanzo chake ni nusu toni iliyopo kati ya mi na fa. Ukiifanya F kuwa do, utapanda G, A, kisha B. Lakini kutoka A hadi B ni toni nzima, kwa hiyo B lazima ishuke ndipo iwe fa. Kila flati inayoongezwa huja kwa kazi hiyohiyo. Basi flati ya mwisho kulia ndiyo fa. Teremka: mi, re, do. Kwa flati tatu, ya mwisho ni A; teremka G, F, E, na kwa kuwa E nayo imeshushwa, do ni E flati. Wenye haraka husoma jina la flati ya pili kutoka mwisho. Ikiwa moja tu, njia hiyo haifai. Kariri kwamba do ni F.

Sasa tuje kwa nyimbo zetu. Nyimbo nyingi za asili za Kipsigis hutumia sauti tano: do, re, mi, so, la. Fa haimo. Ukiandika wimbo wa namna hiyo kwa E flati, flati ya A itakaa mwanzoni bila kuimbwa hata mara moja. Tuifute? Zitabaki mbili, na msomaji atadhani do ni B flati. Sauti zote tano zimo katika ufunguo huo pia, ila wimbo uliotua kwenye do utasomeka kana kwamba umetua kwenye fa. Flati isiyoimbwa ndiyo inayolinda makao ya wimbo.

Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933. Anayetaka kuipatia kwaya yake wimbo kama huo atachagua ufunguo mwenyewe, na hapo ndipo uvivu huingia. Wapo wanaoandika kila kitu kwa C ili kukwepa flati. So ya juu katika C ni G. Ukishusha do hadi A flati, so hiyo inakuwa E flati, toni mbili chini. Soprano watapumua, na anayelalamika ni mpiga kinanda peke yake. Mwacheni alalamike.

Zoezi: mwanzoni mwa wimbo kuna flati tano. Do iko wapi? Jibu wiki ijayo, tutakapotazama flati zinazochomoza katikati ya wimbo.